Mstari wa Rangi ya Kucha

Kanyagio la gia lilikuwa limefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu, na hilo peke yake lilitosha kumnyima mama usingizi. Mama huyu alikuwa mshonaji. Kwake yeye kitu kilichofungwa kwa mpira kilikuwa sawa na suruali iliyoshikizwa kwa pini: kinasubiri tu mahali pa kukuaibisha. Basi Jumatatu hiyo, kabla mwanawe hajatoka kwenda kijiweni, alisimama mbele ya gurudumu la pikipiki akashika kiuno.

"Hutoki."

"Mama, abiria ananingoja."

"Akungoje. Hapo kwenye gia pameshakufa, wewe umepavisha sanda, halafu unampakia mtu?"

Mwanawe akacheka. Kijiweni walimwita Twiga kwa urefu wake. Hakuwa mkaidi, ila alikuwa na ugonjwa wa madereva wengi, kudhani chombo kikiwaka ni kizima. Mkewe alichungulia dirishani, mswaki mdomoni.

"Mpeleke tu fundi, mume wangu. La sivyo mama ataikokota mwenyewe, tuchekwe mtaa mzima."

Wakaenda, mama na mwana, mpaka kwa Taratibu.

Taratibu ndiye aliyekuwa fundi wa kijiwe. Walimpa jina hilo kwa sababu hata ukimpelekea plagi ya kubadilisha, huanza kwa kunawa mikono. Madereva walimtania kila siku, na kila siku walimpelekea pikipiki zao. Alilala ubavu juu ya gunia, akakata ule mpira, akalitikisa kanyagio. Lilicheza kama jino la mtoto.

"Tazama, mama," alisema. Akamwonyesha fimbo fupi ya chuma, unene wa kalamu, inayotoka kwenye kanyagio kwenda kwenye mkono wa gia unaoingia ndani ya injini. Kila ncha ya fimbo ilikuwa na kichwa chenye gololi, na kila kichwa kilibanwa na nati. Kichwa cha nyuma kilikuwa kimekwisha, gololi inagonga ndani kama njegere kavu. Ule mkono nao ulikuwa umelegea kwenye meno yake. "Ukiendesha hivi meno yanaliwa. Yakishaliwa, hata ukikaza vipi hayashiki."

Aliweka kichwa kipya. Akasugua meno kwa brashi na petroli, akabana boliti, akairefusha fimbo kidogo kwa ajili ya mguu wa Twiga, akakaza nati zote mbili. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu.

"Makubwa!" mama akasema. "Fundi, sasa unaipeleka harusini?"

"Nachora mstari. Nusu uko juu ya nati, nusu juu ya fimbo. Ukiwa mmoja, nati haijasogea. Ukiona umekatika, niletee siku hiyohiyo. Usiseme kesho."

"Na mimi kucha zangu zikipauka nije?"

Wote watatu wakacheka. Taratibu alikuwa mtu wa maneno machache, na ya siku hiyo alikuwa ameshayamaliza. Lilikuwepo neno moja lililobaki ambalo angepaswa kulisema. Hakulisema.

Cherehani ya mama ilikuwa ya kanyagio, ya zamani, na wateja walishangaa kwamba haijawahi kulala. Siri yake ilikuwa ndani ya kopo la vifungo: spana namba kumi, kuukuu, iliyolika mdomo. Kila asubuhi kabla hajavuta kiti, mama aliinama chini ya meza akazigusa nati moja moja. Mkwewe alikuwa akimwigiza sauti: "Kaza kabla hujakaa." Kwa mama haukuwa mzaha. Kushona kulimfundisha kwamba kinachokatika leo kilianza kulegea juzi, mtu akiwa anaangalia pembeni.

Kwa hiyo Jumanne, Twiga akiwa anaoga, mama alitoka nje na spana yake. Hakutaka kuonekana. Mwezi uliopita mwanawe alimkuta anautia mnyororo wa pikipiki mafuta ya cherehani, akamwambia kwa upole lakini mbele ya mkewe, "Mama, pikipiki si cherehani." Lilimchoma lile neno.

Alichuchumaa. Nati ya mbele ilikuwa ngumu, akaiacha. Ya nyuma aliitia spana, akavuta kwenda kulia kama anavyokaza nati zote duniani. Ikakataa. Akaweka mikono miwili, akaegemeza uzito wake. Ikatoa sauti, ka! Ikaitika.

"Nilijua tu kulikuwa na nafasi," mama alijiambia.

Ule mstari mwekundu ulikuwa umepasuka. Aliuona. Rangi ya kucha, akawaza, hata ya mkwe haimalizi siku mbili.

Jumatano aliinama tena, na nati ikazunguka kwa vidole vyake. Kumbe Taratibu hakukaza! Fundi mzima, na mbwembwe zake za rangi! Ule mstari sasa ulikuwa vipande viwili, kila kimoja kinatazama kwake. Hapo ndipo alipotakiwa kuita. Neno moja tu: Njoo uone. Lakini mlango ulilia nyuma yake.

"Mama, unatafuta nini huko chini?"

Mkono ukaenda mfukoni wenyewe. "Kifungo. Kimeniponyoka kifungo."

"Kiokote basi, nachelewa. Mwalimu ananisubiri."

Twiga akarudi ndani kuchukua kofia yake ngumu. Mama akaitoa spana haraka haraka, akazungusha kulia, akazungusha tena, mpaka nati ikafika mahali ikagoma kabisa. Akashusha pumzi. Imekaza. Akasimama akijipangusa magoti, na mwanawe alipopita alimpa mkono wa kwaheri, kifungo ambacho hakikuwepo kimefumbatwa kiganjani.

Darasa la tatu tulifundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hatukufundishwa kwamba yupo mtu anayeziba ufa huku anabomoa ukuta, na anajisifu.

Mwalimu alikuwa abiria wa Twiga wa kila siku. Alikuwa mama wa makamo, mwenye mkoba mzito wa madaftari, na alimchagua Twiga kati ya madereva wote kwa sababu haendi mbio. Kwenda shuleni kulikuwa na mteremko mrefu wa mawe, mwishoni kuna kona na mtaro wa maji.

Alhamisi asubuhi walikuwa wakiteremka gia ya nne. Karibu na kona Twiga alikanyaga ili arudishe gia, ashike mwendo kwa injini kama alivyozoea. Kanyagio likaanguka chini ya mguu wake, jepesi, kama linaning'inia hewani. Akakanyaga tena. Hakuna kitu. Akatazama chini. Alitazama chini kwa muda wa kupepesa jicho, na muda huo ulitosha. Alipoinua macho kona ilikuwa imeshafika. Akabana breki, mawe yakateleza, pikipiki ikalala, na Mwalimu akarushwa mtaroni pamoja na madaftari ya darasa zima.

Twiga alichubuka goti na kiwiko. Mwalimu alivunjika mtulinga.

Habari ilifika nyumbani kabla ya Twiga. Mama aliposikia "gia ilichomoka" mkasi ulimtoka mkononi. Hakuuliza gia gani. Hakuuliza ilichomokea wapi. Mkwewe ndiye aliyepiga kelele, akafunga kanga, akamwambia, "Twende, mama! Huyu fundi leo atatueleza!"

Walipofika kwa Taratibu, Twiga alikuwa hapo na madereva kama kumi, damu imemkaukia kwenye suruali. Mwenyekiti wa kijiwe, mtu mnene mwenye sauti, alikuwa ameshamwaga sanduku la spana chini.

"Taratibu, leo umekwenda haraka, eeh?"

"Alikuwa anapaka kucha," mwingine akadakia. Wakacheka kicheko kibaya.

Taratibu alikuwa anaokota spana zake. "Nilikaza," alisema.

"Ulikaza?" mke wa Twiga akamsogelea. "Mtoto wa watu kavunjika, mume wangu nusura afe, unasema ulikaza? Ulikaza nini, mkanda wako?"

Twiga akamtupia ile fimbo miguuni. Ilikuwa bado na nati yake. Taratibu akaiokota, akaishika karibu na macho. Nati ilikuwa imekwenda mpaka mwisho wa uzi wa fimbo, ile michirizi inayoshika nati, mbali kabisa na mahali pa kichwa, imejibana huko. Kona zake zilikuwa zimetafunwa upya, zinang'aa. Akaigusa kwa kidole gumba. Mtikisiko wa injini hulegeza nati, lakini haujawahi kuibana mahali pasipo pake, wala hautafuni kona.

"Nani mwingine aliigusa?" akauliza.

"Nani aiguse? Ni mimi na wewe tu," Twiga akajibu.

Taratibu aliinua macho taratibu kama jina lake. Yakapita kwa mwenyekiti, kwa Twiga, kwa mkewe, yakafika kwa mama aliyesimama nyuma, mkono wake umezama ndani ya mfuko wa aproni. Yakatua hapo. Mama alisubiri atamke. Badala yake fundi aliinamisha kichwa, akaitia ile fimbo mfukoni.

"Jumamosi saa nne tunakaa kikao," mwenyekiti akatangaza. "Na nikwambie mapema, utavunja kibanda uondoke. Hatuwezi kulea fundi wa kuua abiria."

Mama alirudi nyumbani akiwa amemshika mkwewe mkono. Mkwe alidhani anamtegemeza mama mkwe mwenye mshtuko. Njia nzima mama alijitetea moyoni: fundi hakukaza, niliikuta imelegea, mimi nilikaza. Kosa langu ni kutosema tu. Lile "tu" alilirudia mpaka likaanza kunuka.

Ijumaa asubuhi, Twiga amelala na goti lake na mkwe amekwenda sokoni, Taratibu alisimama mlangoni pa chumba cha kushonea. Alikuwa amefuata koti lake la kazi, aliloliacha wiki nzima lishonwe kwapani.

"Karibu, fundi."

"Asante, mama. Kama liko tayari. Nafungasha vitu."

Lilikuwa tayari. Mama alilikunja mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena. Juu ya meza, kati ya bobini na chaki, ile spana ilikuwa imelala wazi. Taratibu aliiona. Akaichukua kama mtu anayeokota kitu cha mwenye nyumba kilichoanguka, akatoa mfukoni ile fimbo yenye nati, akaitia spana juu ya nati. Ikacheza. Meno ya spana na majeraha ya nati yakakutana kama mtu na kivuli chake.

Nje mtoto wa jirani alikuwa anahesabu kwa sauti wenzake wajifiche, anacheza kibe.

"Spana hii imechoka, mama," fundi akasema mwishowe. "Inakula kona."

"Fundi, mimi niliikuta imelegea. Jumatano niliikuta inazunguka kwa kidole. Wallahi."

"Na Jumanne?"

"Jumanne ilikuwa ngumu. Niliikaza kidogo tu, ikaitika."

"Uliizungushia wapi?"

"Kulia. Kwani nati hukazwa wapi?"

Taratibu alivuta kigoda akakaa bila kukaribishwa. Akaishika ile fimbo mbele ya macho yake, akaizungusha nati polepole, na mama akaitazama ikisogea.

"Fimbo hii ina uzi wa namna mbili. Mbele ni wa kawaida. Nyuma ni kinyume, kukaza kwake ni kushoto. Wameitengeneza hivyo ili ukitaka kurekebisha kanyagio uizungushe fimbo yenyewe, irefuke au ifupike bila kuichomoa. Ukizungusha kulia unafungua."

Mama alikaa. Hakuvuta kiti kwanza, alikaa juu ya rundo la vitambaa vya watu.

"Kwa hiyo Jumanne..."

"Jumanne ilikuwa imekazwa."

"Na Jumatano nikaimalizia."

"Nati ikishaachia kichwa, fimbo hujizungusha kwa mtikisiko mpaka ichomoke," fundi akasema. Akasimama, akatoa pesa ya koti, akaiweka mezani. Mama akaisukuma kurudi. Fundi akaisukuma tena, akaiwekea spana juu ili isipeperuke.

"Kazi umefanya," alisema. "Na mimi yangu ninayo. Jumatatu niliwachorea mstari, sikuwaambia uzi unakwenda wapi. Nilidhani atakayeshika ni mimi."

"Kwa nini hukusema jana? Uliniona."

"Ningesema nini, mama? Mbele ya mwanao anatoka damu?"

Akaondoka na koti lake begani. Mama akabaki na zile noti chini ya spana. Siku hiyo cherehani haikufunguliwa.

Alasiri alichukua ndizi na maziwa akaenda kumjulia hali Mwalimu. Njiani aliyapanga maneno yote, kuanzia kifungo cha uongo mpaka mwisho. Mwalimu alikuwa ameegemezwa kwa mito, mkono umefungwa kifuani, uso umevimba upande mmoja. Alimpokea kama ndugu.

"Mama Twiga! Umekuja na jua lote hili?"

"Nimekuja, Mwalimu. Nina neno..."

"Kaa kwanza. Nilimwambia daktari, yule kijana hana kosa, kalelewa vizuri. Unajua aliniambia wewe ndiye uliyemlazimisha kwenda kwa fundi? Mama wengine wangeangalia pembeni." Akahema kwa maumivu. "Huyo fundi ndiye simsamehi. Nasikia wanamfukuza kesho. Wamfukuze. Ulikuwa unasema nini?"

Mama aliangalia zile ndizi. Maneno yalimfika mpaka kwenye meno, yakakuta mlango umefungwa.

"Nilikuwa nasema pole."

"Asante, mama. Mungu akubariki."

Mama akaitikia amina, na hiyo baraka akaibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa wizi.

Mficha uchi hazai, na mficha kosa hali. Jumamosi asubuhi mkwe alimwekea chai ikapoa mara mbili.

"Mama, unaumwa?"

"Mwanangu, mumeo amekwenda kikaoni?"

"Ndiyo. Yeye ndiye shahidi. Leo Taratibu ataonja."

Mama alifungua kopo la vifungo, akatoa spana, akatoka bila kuvua aproni.

Kikao kilikuwa kimeanza. Madereva wameketi juu ya pikipiki zao duara, Taratibu amesimama katikati na kibanda nyuma yake kimeshafunguliwa mabati mawili. Twiga alikuwa anaeleza jinsi kanyagio lilivyoanguka. Mama akapita katikati ya pikipiki mbili.

"Mwenyekiti, naomba nafasi."

"Mama, tunajua una uchungu. Tuachie sisi."

"Sina uchungu. Nina kosa."

Mmoja akacheka. "Mama zetu bwana, huruma! Anataka kumwokoa Taratibu. Au ndiye baba yetu mpya?"

"Kaa kimya wewe," Twiga akamfokea. "Mama, rudi nyumbani."

Mama hakurudi. Alimwomba mwenyekiti pikipiki yake, ya aina ileile. Taratibu alikuwa ameichorea mstari mwekundu mwezi uliopita, na mstari ulikuwa bado mzima. Mama akachuchumaa mbele ya wanaume wote, sketi imeburura vumbini, akaitia spana kwenye nati ya nyuma.

"Mwenyekiti, njoo karibu. Nikikaza, niende wapi?"

"Kulia. Swali gani hilo?"

"Tazama."

Akavuta kulia. Ikakataa. Akaweka mikono miwili, akaegemea. Ka! Mstari ukapasuka. Akaitoa spana, akashika nati kwa vidole viwili, akaizungusha, nayo ikazunguka kama kifuniko cha chupa mbele ya macho yao.

"Hivi ndivyo nilivyofanya Jumanne," alisema, bado amechuchumaa. "Jumatano nikauona mstari umekatika. Fundi alituambia ukikatika mletee. Sikuleta. Mwanangu aliponiuliza natafuta nini nilimwambia kifungo."

Mwenyekiti alikuwa anaitazama pikipiki yake mwenyewe, na katika uso wake ilionekana wazi kwamba hata yeye, miaka yote, hakujua. Halafu yule mcheshi, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, akasema, "Twiga, kumbe fundi wako ndiye anayekupikia chai!"

Kicheko kililipuka. Si kicheko kikubwa, lakini kilimtosha Twiga. Alisimama. Alimtazama mama yake kuanzia aproni mpaka spana.

"Pikipiki si cherehani," alisema. "Nilikwambia."

Akaondoka akichechemea, goti halijapona, na hakuna aliyethubutu kumwita.

Taratibu ndiye aliyempa mama mkono akasimama. Kisha akalala ubavu chini ya pikipiki ya mwenyekiti, akairudisha nati kushoto mpaka ikabana, akachora mstari mpya. Alipomaliza akasema maneno mengi kuliko yote waliyowahi kumsikia: "Wote leteni. Nitawaonyesha ya mbele na ya nyuma. Na anayefunga gia kwa mpira afungue mwenyewe kabla sijamfikia." Watu wawili watatu wakainama kwa aibu wakaanza kufungua mipira. Mwenyekiti, bila kutamka samahani, alichukua bati moja akaanza kulirudisha ukutani, akipigilia misumari kwa jiwe.

Spana mama aliiacha hapo. Fundi hakuiomba, naye hakuiomba irudi.

Kwa Mwalimu alikwenda siku hiyohiyo, mikono mitupu, maana angebeba ndizi gani? Safari hii alisema akiwa bado amesimama mlangoni, asije akakaribishwa. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Akafumba macho.

"Jana nilikuombea baraka."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ukaitikia."

"Niliitikia."

Kwenye kamba nje hapakuwa na nguo hata moja, na beseni la nguo chafu lilikuwa limejaa. Mtu mwenye mkono mmoja hafui. Mwalimu akasema bila kufumbua macho, "Maji yako kwenye pipa."

Mama alifua. Alifua siku hiyo na Jumamosi zote sita zilizofuata, na Mwalimu hakuwahi kumwambia asante, wala mama hakuisubiri. Madaftari yaliyolowa mtaroni aliyashona upya migongo kwa uzi wa jeans, moja moja.

Nyumbani Twiga hakugombana. Ingekuwa afadhali angegombana. Alikula, akasalimu, akapita. Usiku pikipiki aliilaza chumbani kwake, kitanda na pikipiki bega kwa bega, na mkewe akavumilia harufu ya petroli. Asubuhi aliitoa mwenyewe, na mama alisikia kwa ndani akijifanya anapanga vitambaa. Cherehani nayo ilikuwa imeanza kulia, nati zake hazina mkazaji. Mkwe, aliyekuwa wa kwanza kumtukana Taratibu, ndiye aliyekwenda siku moja kumwita aje aikaze. Alirudi kimya, akasema tu, "Amesema atakuja. Taratibu."

Wiki ya nne, asubuhi, mama alikuwa anafagia uani. Twiga alitoa pikipiki, akaisimamisha. Hakupanda. Alisimama akigeuzageuza kofia mikononi.

"Mama."

Fagio likasimama.

"Njoo uangalie mstari."

Mama alisogea. Hatua mbili kabla ya kufika alisimama, akaweka mikono nyuma, akashikanisha vidole, kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Akainama hivyohivyo, mgongo ukiuma. Mstari wa nyuma ulikuwa mmoja, mwekundu, umepita juu ya nati na fimbo bila kukatika. Akatazama na wa mbele.

"Ni mzima," alisema.

"Una uhakika?"

"Macho yana uhakika. Mikono usiiulize."

Twiga nusura acheke. Akavaa kofia, akawasha, akakanyaga. Gia ya kwanza ikaingia na ule mlio wake mdogo mkavu. Mama hakuigusa, hata kuipangusa vumbi. Alibaki amesimama hapo uani, mikono bado nyuma, akisikiliza: ya pili, ya tatu. Kwenye kona ya mwisho wa mtaa alishikilia pumzi mpaka aliposikia injini inanguruma na kushuka, gia inarudi.

Ndipo alipoachia mikono.